Mkono Kati ya Mbao Mbili

Fundi alikuwa na bega bovu. Nyundo ilikuwa imelitafuna taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikafika mahali hawezi kuvaa shati bila kusaidiwa mkono wa kulia. Daktari alimwambia achague moja, nyundo au bega. Fundi akajibu kwamba bega halijawahi kuleta unga nyumbani, akarudi kazini. Aliendelea hivyo hadi siku aliposhindwa kunyanyua kikombe cha chai mbele ya mteja, chai ikamwagikia michoro ya mteja. Jioni ile mkewe akaanza kuulizia bunduki ya misumari.

Mke huyo alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na majirani waliujua mlio wa cherehani kuliko sauti ya mwenyewe, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Bunduki aliipata kwa kampuni ndogo ya ujenzi iliyokuwa inafunga kazi. Ilikuja ndani ya sanduku gumu la plastiki, pamoja na betri, chaja, makopo ya gesi yanayoenea kiganjani, na maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha kadhaa ambazo nyumba nzima haikujua hata moja. Bahati nzuri yalikuwa na picha.

Waliijaribu uani kwenye kipande cha ubao. Ukiukandamiza mdomo wa bunduki kwenye mbao, chemba inajifunga, gesi kidogo inaingia, na feni iliyo ndani inaanza kuvuma kama nyuki kwenye chupa. Ukivuta kifyatuo, betri inatoa cheche, gesi inalipuka, na msumari unazama wote kabla hujapepesa. Usipoukandamiza mdomo, haitoi kitu. Risasi ya kwanza ilipolia, jirani wa upande wa pili alijifungia chooni, na ilibidi aendewe aambiwe kwamba hakuna uvamizi, ni fundi tu anapigilia ubao.

Aliyeichukua bunduki kwa furaha zaidi alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wa mshonaji. Huyu aliitwa Chapuchapu. Mama yao alisema alizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tangu hapo hakuwahi kungoja kitu. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono mizuri ya kazi, mcheshi, na alikuwa ameshafanya kazi na Fundi kwa muda wa kutosha kujua anachotaka kabla hajakisema. Kwa kuwa kuinyanyua bunduki nako kuliliumiza bega, wakagawana. Fundi anapima na kushika mbao, Chapuchapu anapiga. Uzio uliokuwa unawachukua wiki nzima ukawa unaisha watu wakiwa bado wanauliza umeanza lini.

Ila mashine ile ilikuwa inapumua, na kitu kinachopumua huvuta vumbi. Mshonaji ndiye aliyeliona hilo kwenye picha. Kila Jumamosi alifunika cherehani, akatandika kitambaa kikuukuu mezani, akatoa kwanza gesi, kisha betri, ndipo akaifungua. Alikitoa kichungi cha hewa, akakiosha kwa maji ya sabuni na kukianika. Alipuliza dawa ya kusafishia ndani ya chemba, akafuta masizi kwa pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Mwisho alitia matone machache ya mafuta. Chapuchapu alipomwambia aongeze, alimjibu kwamba mafuta mengi ni uchafu mwingine, hata cherehani inalijua hilo. Aliwakataza kuacha makopo ya gesi garini kwenye jua. Asubuhi za baridi, gesi inapokuwa mvivu, aliwaambia wayaweke mfuko wa ndani wa koti yapate joto la mwili. Chapuchapu aliliita jambo hilo kulea kopo.

Utani wake kwa kawaida haukumuumiza mtu. Lakini siku moja, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mbele ya mafundi wengine, alisema dada yake anaisugua bunduki kama sufuria, na kwamba iko siku ataivalisha kofia na kuibeba mgongoni. Watu wakacheka. Fundi naye akacheka. Maneno hayo yalimfikia mshonaji kupitia mteja aliyekuja kupimwa gauni, ambaye alidhani na yeye atacheka.

Jumamosi ilipofika na sanduku likaletwa mezani kwake, mshonaji alisema ana sare za kushona, na anayepiga ndiye aoshe. Fundi alielewa kwamba kuna kitu, lakini alikuwa mume wa siku nyingi na aliamini kwamba mambo mengi yakiachwa hupita yenyewe. Chapuchapu akasema hakuna shida. Akaipuliza bunduki kwa mdomo, akaifuta kwa shati lake mpaka ikang'aa. Nje ilikuwa inang'aa kweli.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya shule ya watoto wadogo. Shule ilikuwa kando ya barabara yenye magari mengi, na mwalimu mkuu alitaka uzio wa mbao usimame kabla wanafunzi hawajarudi kutoka likizo. Kilikuwa kipindi cha ukavu. Upepo uliokota vumbi la barabarani ukalichanganya na unga wa msumeno, na bunduki ikawa inalazwa hapo hapo chini, mbao zikikatwa karibu yake. Nguzo zilisimama vizuri. Mbao za kulala zikafungwa kwenye nguzo, kisha wakaanza kusimamisha mbao za mbele, moja baada ya nyingine.

Walipofika upande wa lango, bunduki ikaanza kukohoa. Mara inapiga, mara inatoa mlio mkavu tu bila msumari. Chapuchapu alibadilisha kopo la gesi, akabadilisha betri, akaitikisa. Fundi alimwambia aifungue aisafishe. Chapuchapu akasema wamalize kwanza upande ule. Fundi aliutazama upande ule, akaona umebaki kidogo, akamwacha.

Ubao uliofuata ulikuwa na tatizo dogo. Kibanzi kilikuwa kimenasa kati yake na ubao wa kulala, kwa hiyo haukukaa bapa. Chapuchapu aliukandamiza mdomo wa bunduki na kuvuta. Mlio mkavu. Akarudia. Mlio mkavu tena. Fundi, aliyekuwa ameushika ubao kwa mkono wa kushoto, akaona bunduki imekufa, akapenyeza kiganja cha mkono huo nyuma ya ubao ili akitoe kile kibanzi. Chapuchapu alikuwa anaitazama bunduki, hamtazami shemeji yake. Aliikandamiza kwa uzito wake wote, kama mtu anayemaliza ubishi, akavuta tena. Mara hii ikaitika.

Msumari ulipita ubao wa mbele, ukapita kiganja chini ya vidole, ukaingia ubao wa kulala na kukaa humo. Fundi hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo kama ya mtu aliyeshtuliwa na maji baridi, kisha akasimama wima, amepigiliwa kwenye uzio wake mwenyewe. Chapuchapu alikuwa tayari ameiachia bunduki na kuudaka ubao kwa mikono miwili.

"Shemeji," Fundi alisema, "usivute."

Chapuchapu akaganda.

"Toa gesi. Toa betri. Iweke mbali."

Akafanya. Kopo likamwanguka na kubingirika hadi kwenye mtaro. Fundi alingoja. Rangi ilikuwa imemtoka usoni lakini aliongea kama anayempangia mtu kazi ya asubuhi.

"Sasa chukua msumeno. Ukate ubao wa mbele juu ya mkono wangu, halafu chini yake. Kisha ukate ule wa kulala, huku na huku. Polepole. Ukiharakisha unanitingisha."

Mlinzi wa shule alifika akikimbia na rungu mkononi, kwa sababu alisikia ukimya, na kwake ukimya wa mafundi haukuwa dalili njema. Alipewa kazi ya kuushikilia uzio usicheze. Aliushikilia akiwa amegeuza uso, akiwasimulia kwa sauti juu ya kuku wa jirani wanavyovuka barabara, ili asilazimike kuangalia. Chapuchapu alikata. Ilikuwa kazi ya polepole kuliko zote alizowahi kufanya maishani. Jasho lilimdondoka kwenye msumeno, akawa analifuta na kuanza tena, msumeno ukila mbao kidogo kidogo, na kila ulipokwama alimtazama Fundi, na Fundi alitikisa kichwa kwamba aendelee.

Mkono ulitoka na vipande vyake viwili vya mbao, kama kitu kilichofungwa kwa safari. Jirani wa shule mwenye gari la mizigo aliwapeleka hospitali. Mtu wa mapokezi, aliyekuwa anaandika bila kuinua macho, aliona kona ya ubao juu ya meza akasema fanicha hupelekwa mlango wa nyuma. Kisha akaona vidole.

Mshonaji alipofika, mumewe alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Chapuchapu alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, sanduku la bunduki mapajani. Aliinuka, akampa dada yake sanduku kwa mikono miwili kama anayerudisha kitu cha kuazima, akaondoka. Hakuingia hata kuuliza. Daktari alitoka baadaye akasema mfupa umenusurika kwa bahati, ila kano za vidole viwili vya mwisho zimeharibika. Kufunguka vitafunguka. Kufunga, asitegemee.

Nyumbani, kabla hata hajavua viatu, mshonaji alilifungua sanduku juu ya meza ya cherehani. Kichungi kilikuwa kimejaa vumbi lililoshikamana kama pamba ya godoro. Ndani ya chemba masizi yalikuwa mazito, kidole kilitoka cheusi. Hakulia. Alikiosha kichungi, akakitazama dhidi ya mwanga, akakiosha tena.

Fundi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mkewe alimwonyesha kitambaa alichofutia masizi.

"Ningekuwa nimeisafisha, isingekwama," alisema.

"Na mimi ningekuwa nimeuacha mkono nje, msumari usingeupata," Fundi akajibu.

Mkewe akamsaidia kuvaa shati, sasa mikono yote miwili.

Mwalimu mkuu alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mwanamke mpole, akazungumza juu ya mambo mengine kwa muda mrefu, akasifu mapazia, ndipo akataja lile pengo la upande wa lango. Hakudai. Alisema tu kwamba watoto wadogo wanapenda sana magari. Fundi alifungua mdomo aseme atatafuta mtu, lakini mkewe alitangulia. Alisema uzio utakwisha kabla ya shule kufunguliwa. Mwalimu alimshukuru Fundi. Fundi alikuwa anamtazama mkewe.

Siku zilizofuata mshonaji alijifunza kupiga misumari uani. Risasi za mwanzo alifumba macho. Fundi, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa kifuani, alimwambia macho ndiyo yanayopiga, mkono unasindikiza tu. Alimwonyesha jicho la mbao, lile fundo gumu ambalo msumari ukilikuta hupinda na kutokea pembeni, kwa hiyo pale hapapigwi. Alimfundisha kuirekebisha bunduki ili kichwa cha msumari kikae sawa na uso wa ubao, kisizame na kuuchana. Msumari wa uzio uwe uliopakwa zinki, la sivyo utashika kutu, mvua ya kwanza itauliza na ya pili itajibu. Mwisho akamwambia kwamba ikikataa kupiga, asibishane nayo. Ainyanyue, aseme kwa sauti kwamba imekataa, atoe gesi na betri, ndipo aangalie.

Mshonaji alikuwa na mkono uliozoea kwenda mstari ulionyooka. Kabla ya wiki kwisha misumari yake ilikuwa imepangana kama mshono. Ilibaki jambo moja. Fundi hakuweza kushika mbao, na kazi ile haifanywi na mtu peke yake.

Chapuchapu alikuwa anapakia mifuko ya saruji kwenye ghala moja upande wa pili wa mji. Habari hizo mshonaji alizipata kwa mama yao, ambaye alisema mwanawe anakula nusu ya chakula na haongei, na kwamba nyumba bila kelele zake imekuwa kama ya kupanga. Mshonaji alimkuta amekaa kivulini na wenzake, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kwenye kope. Alipomwona aliinuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua."

Aliuliza shemeji anaendeleaje, akaambiwa vidole viwili havifungi.

"Ile bunduki siishiki tena."

"Sijasema bunduki. Bunduki nashika mimi. Wewe ukashike mbao."

Alielewa taratibu. Aliitazama mikono yake, akaipangusa kwenye suruali, ikabaki nyeupe vile vile. Alisema dada hajawahi kuifanya kazi ile, na mshonaji akajibu kwamba ndiyo maana anataka mtu anayeijua awe karibu.

"Una hasira na mimi?" Chapuchapu aliuliza.

"Ninayo. Na ilianza kabla ya msumari. Ulinicheka mbele ya watu, na mimi nikaacha kuisafisha ili nikukomeshe."

Wenzake walikuwa wamenyamaza, wanajifanya hawasikii. Chapuchapu alisema alikosea, na kwamba hakujua maneno yale yalifika. Mshonaji alisema maneno kama yale hayakosi mbebaji. Kisha akamwambia wanaanza kesho asubuhi na aje ameshakula.

Alikuja mapema kuliko wote. Mlinzi aliwafungulia lango na kusimama mbali kidogo. Ubao wa kwanza ulipowekwa, mikono ya Chapuchapu ilitetemeka hadi ubao ukawa unagonga ule wa kulala. Mshonaji alikuwa ameinua bunduki. Hakumhimiza wala hakumpa moyo. Alingoja tu, kama anavyomngojea mteja asiyeweza kutulia anapopimwa. Fundi, kwenye ndoo yake, alitazama barabarani. Mikono ilipotulia, mshonaji aliuliza kama yote iko mbele anakoiona. Mdogo wake akasema iko mbele. Akapiga. Ubao ukakaa.

Waliendelea hivyo, polepole mwanzoni. Kabla ya kila msumari aliuliza, na kila mara alijibiwa. Ilipofika saa ya jua kali walikuwa wamepata mwendo, na swali lilikuwa limefupika na kuwa neno moja, na jibu neno moja. Wakati mmoja bunduki ilitoa mlio mkavu. Mshonaji aliinyanyua na kusema imekataa, na alipogeuka alimkuta Chapuchapu ameshasimama hatua kadhaa nyuma, mikono juu kabisa, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Ubao ulikuwa umeanguka. Mlinzi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha akacheka Fundi, akishikilia mkono wake wenye bandeji kwa sababu kicheko kilimuuma. Kumbe gesi ilikuwa imekwisha tu.

Wakati wa kula, Fundi alishindwa kufungua kifuniko cha kontena lake la chakula. Chapuchapu alilichukua bila kuombwa, akalifungua, akalirudisha.

"Mimi ndiye niliyeuingiza mkono," Fundi alisema.

"Mimi ndiye niliyevuta."

"Basi tusigombanie."

Chapuchapu alitikisa kichwa kukubali. Alikula chakula chake chote, akaomba na mabaki ya dada yake.

Pale palipokatwa kwa msumeno waliweka ubao mpya wa kulala, kutoka nguzo hadi nguzo. Uzio ulikwisha shule ikiwa bado imefungwa. Mwalimu mkuu alipita kuusukuma ubao mmoja mmoja, kwanza kwa mkono, kisha kwa bega, kisha, alipodhani hawamtazami, kwa teke. Hakuna uliocheza. Shule ilipofunguliwa, watoto walisimama kwenye mstari, pua zao kati ya mbao, wakiangalia magari.

Vidole vya Fundi havikufunga. Alijifunza kushika tepu ya kupimia kwa vitatu vilivyobaki, na bega, kwa kupumzishwa, likapungua maumivu. Chapuchapu alishika mbao kwenye kazi kadhaa zilizofuata, kisha akahamia kupaka rangi nyuzio wanazojenga. Watu waliomfahamu walishangaa, kwa sababu rangi haikauki kwa kuhimizwa. Yeye alisema anaipenda. Bunduki hakuishika tena, na hakuna aliyemwomba. Jumamosi, hata hivyo, alikuwa anakuja kuketi karibu na meza ya cherehani dada yake akiifungua, na yeye ndiye aliyeosha kichungi.

Sare za shule na magauni viliendelea, ila sasa mshonaji alipokea kazi za siku ambazo hakuna uzio. Mteja mmoja aliyetaka banda la mbao alipiga simu akaomba kuzungumza na fundi. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa, akamtazama mumewe aliyekuwa anachora kwa penseli, akamtazama mdogo wake dirishani akikianika kichungi.

"Fundi yupi?" aliuliza. "Wa kupima, wa kupiga, au wa rangi?"

Mteja alifikiri kidogo, akasema angependa kuanza na wa kupima.